Jina Lililotoka Kwenye Leso

Hebu vuta picha hii: mtoto wa siku saba amelala mkekani, udi unafuka, na wanawake watatu wamekaa kumzunguka, kila mmoja na jina lake mdomoni. Mama wa mtoto anaitwa Sikutupi. Kwao jina hutolewa na mtu mmoja tu, naye huhesabiwa mzazi wa pili wa mtoto.

Wa kwanza, Mwanamize, alijaliwa ujasiri. Zamani nchi yao ya Mlandizo ilikuwa na sheria: nyumba moja, mtoto mmoja. Yeye tayari alikuwa na Raya. Mimba ya pili aliificha, akajifungua kimya kimya. Akaikata doti ya leso: kipande kimoja akamviringishia mtoto, cha pili akabaki nacho. Akamlaza mlangoni pa nyumba ya mayatima, akajibanza mpaka mlango ukafunguliwa. Vipande vyote viwili viliandikwa: SIKUTUPI NAKUWEKA.

Wa pili, Grete, alijaliwa upole. Alitoka nchi ya baridi kuja kumchukua mtoto akamlee. Kiswahili alikuwa hakijui, basi alipoyaona maandishi akadhani Sikutupi ni jina, Nakuweka ni ukoo. Akamwandikisha shule hivyo hivyo! Na leso akaitunza kama mboni ya jicho.

Wa tatu, Raya, alijaliwa kutokata tamaa. Sheria ilipofutwa, mama yake alimfunulia siri. Kwa miaka kumi na miwili alituma picha ya kile kipande cha pili nchi za mbali. Watu wakamcheka: "We Raya, unatafuta mtu au nguo?" Hadi siku Grete alipoiona, akapiga ukelele: "Hilo ni jina la mwanangu!"

Ndivyo Sikutupi alivyorudi, akaolewa, akazaa.

"Bila tumbo langu, kuna mtoto hapa?" akauliza Mwanamize.

"Mimi nilikosea jina," akasema Grete kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Lakini kosa langu ndilo limemrudisha."

"Bila mimi kutafuta, mngeendelea kukosea mpaka leo!" Raya akawacheka, kisha sauti ikamshuka. "Kila Idi mama alishona magauni mawili. Moja nilivaa. La pili nilikuwa nalitazama tu."

Sikutupi akampakata mwanawe. "Mama zangu, dada yangu, mimi jina nilipewa kwa makosa. Huyu nataka apewe kwa haki."

Mtoto akapiga chafya, wote wakacheka. Wakamgeukia Sikutupi, wakingoja.

Je, wewe ungeamua vipi? Jina alitoe aliyemweka Sikutupi, aliyemlea, au aliyemtafuta? Fikiri taratibu, usigombane na mwenzio. Ila nakuomba ukumbuke jambo moja: katika chumba kile, hakuna hata mmoja aliyemtupa.