Kengele ya Nalepo

Hapo zamani, mwaka ambao jua lilipasua mawe na tai wakachoka kula, palikuwa na mjane wa Kisamburu, jina lake Naisula. Marehemu mumewe alimwachia ng'ombe arobaini. Jua likala mmoja, likala kumi, hata wakafika thelathini na tisa. Akabaki Nalepo, naye ana mimba.

Siku moja Nalepo akaanguka kando ya mto mkavu. Naisula akamvuta mkia, hakuinuka. Akamshika pembe, hakuinuka. Ndipo akamvua kengele shingoni. Na mila yao ilikuwa hivi: amvuaye ng'ombe kengele amemwachia nyika. Akaenda zake asigeuke nyuma.

Akapita kijana wa boma jirani, Lekuraa, na kapu la maganda ya mgunga, akiba ya mbuzi wake. Akamlisha Nalepo yote. Nyumbani mbuzi wake wawili wakafa kwa njaa.

Akapita Lesorono, kijana wa boma jingine. Akachimba mchanga wa mto siku mbili, hata kucha zikamtoka, na maji yakachuruzika.

Lakini Nalepo alifunga meno. Kwao kila boma lina wimbo wake wa kisimani, na ng'ombe hanywi ila kwa wimbo aliokulia. Lekuraa akaimba wa kwao, Nalepo asinywe. Lesorono akaimba wa kwao, asinywe.

"Sauti yako inafukuza hata fisi," Lekuraa akamcheka.

"Na yako je? Imewaita tai!"

Mchunga punda mmoja aliyeona hayo akampasha Naisula habari. Akaja mbio, kengele mkononi, akauimba wimbo wa marehemu, sauti imekauka kama ngozi. Masikio ya Nalepo yakacheza. Miguu ya nyuma ikainuka, kisha ya mbele. Mifupa ile ikasimama, ikashuka kisimani, ikanywa.

Mvua iliponyesha, Nalepo alizaa ndama jike, kisha akafa. Watatu wale wakagombania ndama.

"Mama, wimbo haushibishi," akasema Lekuraa. "Mbuzi wangu wawili wamo katika mifupa ya ndama huyu."

"Na maganda yako, kaka, yangeshuka kooni bila maji yangu?" akadakia Lesorono. "Tazameni vidole hivi! Mama alimwachia nyika, na nyika ikanipa mimi."

Naisula akasema polepole, "Nilimwachia nyika, wanangu, sikatai. Lakini alipoitwa, alimwitikia mume wangu. Ndama huyu akienda, wimbo ule utaitikiwa na nani?"

Ndama, angali na ute wa kuzaliwa, alisimama kati yao. Kengele imo kiganjani mwa Naisula, wala hathubutu kuifunga.

Je, enyi mnaosikiliza, ifungwe shingoni mwake kwa jina la nani?