Jani la Ndekirwa

Mtu mmoja alikuwa na ndugu wa tumbo moja, na kwa miaka saba hakulitamka jina lake. Mtu huyo ni Eliakunda, mzee wa kanisa katika kijiji cha mlimani. Mdogo wake ni Ndekirwa. Asubuhi moja ya kiangazi Ndekirwa aliuelekeza mfereji shambani kwake siku isiyokuwa zamu yake, na miche ya ulezi ya kaka yake ikanyauka. Aliomba radhi mara tatu. Eliakunda hakumjibu, wala hakumpiga, wala hakumlaani, na kwa hilo alijiona mwenye haki. "Sijamgusa hata unywele," alizoea kusema, na alikuwa akisema kweli.

Eliakunda alikuwa amesoma. Alijua Kiyunani kiasi cha kuwafundisha vijana wa kipaimara neno ambalo mtume alilichagua kwa mwuaji: anthropoktonos. Aliwaeleza kwamba limeungwa kwa mawili, mtu na kuua, na kwamba Wayunani wa kale waliwaita hivyo wamwagao damu ya wanadamu, kabla mtume hajalitwaa. Aliwatajia Kaini, akawatajia wanyang'anyi wa njiani. Alipofika mahali ambapo mtume anamwita kwa neno hilohilo amchukiaye ndugu yake, alifunga kitabu, akasema muda umekwisha.

Mwaka wa saba baba yao alifariki, na ukoo ulipokutana kwa karamu ya mavuno, kisu cha kugawa nyama kikakabidhiwa Eliakunda kwa mara ya kwanza. Desturi yao ni hii: mgawaji hutandika jani la mgomba kwa kila mtu wa ukoo aliye hai, awepo asiwepo, mgonjwa, msafiri, hata mfungwa. Asiyetandikiwa jani ni marehemu tu. Nao hawali mpaka wote walio hai wamepewa.

Ndekirwa alikuja, amekonda kwa homa ndefu, akaketi mwisho wa mstari. Eliakunda alitandika jani baada ya jani. Alipomfikia, alimpita kama apitavyo mtu kisiki, akarudi kuketi mahali pake. Na moyoni aliona utamu.

"Mjomba," mpwa mmoja akatania, "migomba imekwisha mlimani?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika. Ndekirwa alikuwa akiitazama ardhi tupu mbele ya magoti yake.

Shangazi yao Aikaeli, dada wa marehemu, akasukuma kando kidari alichopewa. "Eliakunda, mwanangu, ndugu yako amekufa lini? Hatukuitwa mazikoni."

"Hajafa, shangazi. Huyo hapo, anapumua."

"Anapumua kwa hisani ya Mungu. Wewe ulikwisha kumzika. Sasa tuambie, nani alimwua?"

Eliakunda alitazama mikono yake, akaona damu ya mbuzi tu. Alitaka kusema kwamba mikono hii haijamdhuru mtu. Ndipo neno alilowafundisha watoto wa wenzake likamrudia, nalo halikumwuliza habari za mikono. Shangazi akainuka, akamshika Ndekirwa mkono, wakaondoka. Ukoo mzima ukawafuata. Nyama ikabaki kwa nzi, na mgawaji akabaki na kisu.

Alipoinuka hatimaye, aliona jani moja limemkwama chini ya paja. Asubuhi ile, alipokuwa akikata majani mgombani, mkono wake ulikuwa umemhesabu ndugu yake pamoja na walio hai. Ni moyo uliolificha jani lile na kulikalia.

Nanyi mnaonawa mikono kabla ya kuingia kusali, mmekalia jani la nani?