Pimbi, Chui na Fungu la Mungu

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa mwamba. Juu ya mwamba pana nani?"
"Nani?"
"Pimbi mmoja. Mmoja tu, jamani, na ukiwa wake."

Huyo Pimbi, mnyama wa mawe, mfupi, hana hata mkia, zamani alikuwa na ukoo mzima. Chui akaja, akala baba. Chui akaja, akala shangazi. Chui akaja, akala wote waliobaki, akamkosa yeye tu kwa kuwa alijibana ndani ya ufa. Tangu hapo Pimbi akiota jua, aliota peke yake. Akicheka, alicheka peke yake. Upweke ulimuuma kuliko meno.

Asubuhi moja, nyatu, nyatu, nyatu... kwap! Chui kamdaka.

Sasa, nyika ile ilikuwa na mila yake. Hakuna anayekula kabla ya kumwekea Mungu fungu la kwanza, kwa shukrani. Asiyeweka, chakula humkwama kooni. Chui akamtazama Pimbi, akaona ni tonge moja tu. Akitoa fungu, yeye atakula nini? Roho ikamuuma.

"We kijipimbi," akanguruma, ngurrr, "huyo Mungu nani kamwona? Kama hayupo, fungu ni langu."
"Yupo, Bwana Chui. Ukiona unyayo mchangani, husemi kuna aliyepita?"
"Nasema."
"Na mbingu hizi, na nyota zake, hakuna aliyepita?"
"Zilijitokea."
"Na kiota cha mnana kilijisuka?"
"Alikisuka mnana, mjinga wewe."
"Na mnana katoka wapi?"
"Kwa mama yake."
"Na mama yake?"
"Kwa bibi yake. Na bibi kwa bibi yake! Nina njaa, we!"
"Na bibi wa kwanza kabisa, bwana?"

Chui akakuna sikio.

"Haya, mkubwa wangu, la mwisho. Mungu ni yule ambaye huwezi kumfikiria aliye mkubwa kuliko yeye. Sivyo?"
"Ndivyo wasemavyo."
"Asipokuwepo, basi hata mimi namshinda, maana mimi nipo. Mkubwa gani wa kushindwa na pimbi? Kwa hiyo lazima yupo."

Chui akafumba jicho moja, akafikiri. Hakumfikiri Mungu, mlafi yule. Alifikiri tumbo.

"Ngoja. Na nyama nono kuliko zote zinazofikirika?"
Moyo wa Pimbi, pu, pu, pu. Akajibu polepole, "Isipokuwepo, unono wake uko wapi? Hata mimi mkavu ningeishinda."
"Basi ipo!"
"Umesema mwenyewe, bwana. Mimi sina elimu hiyo."

Mate yakamtoka Chui, tiriri, tiriri. "Na mimi nahangaika na kijifupa hiki!" Akamtupa Pimbi, puu! Akatimka kwenda kuitafuta nyama yake. Anaitafuta mpaka leo.

Pimbi akacheka, kwe kwe kwe! Akageuka amtazame wa kucheka naye. Hakuna. Kicheko kikamfia mdomoni.

Kuna jambo hakumwambia Chui. Hoja ile alijua ina tundu, maana aliijaribu yeye kwanza. Kila siku alimfikiria pimbi mwenzake, mwema kuliko wote wanaofikirika. Kila siku alijiambia, huyo lazima yupo. Na kila siku mwamba ulikuwa na pimbi mmoja.

"Ee Mungu," akasema, "leo nimekutetea vizuri. Lakini hoja sizitaki. Nimechoka kuongea peke yangu."

Akasogea pembeni, akaacha nafasi kwenye jua, ya kumtosha mmoja. Akaongea na nafasi ile mpaka jua likahama.

Hadithi yangu inakomea hapo. Utamu gawaneni, uchungu niachieni mimi.

Mnataka funzo? Nanyi kwa kupenda funzo! Haya, shikeni: upweke ni raha, kubishana ni kupoteza wakati, na ukijikuta mdomoni mwa chui, nyamaza uliwe.