Ada za Bwana Mbwilo

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, Chausiku, mpole wa sauti kuliko wa akili. Aliagiza lesi kutoka Dubai ya kushonea gauni la bibi harusi. Ushuru wa serikali alilipa wote, lakini Bwana Mbwilo, wakala wa mizigo, aliling'ang'ania boksi.

"Bado ada ya kupokea, ya kushusha na ya kuhifadhi. Laki tatu."

"Mzee wangu, hiyo inazidi bei ya lesi! Na harusi ni Jumamosi."

"Hainihusu."

"Basi alipe baba wa bibi harusi?"

"Alipe! Kama hana uwezo, asioze."

"Niandikie hivyo hivyo, wasije wakasema nimewaibia."

Bwana Mbwilo aliandika, akapiga muhuri kwa kishindo. Chausiku aliikunja karatasi vizuri.

"Asante. Naipeleka kwa mama wa bibi harusi, Bi Somoe."

"Somoe yupi?"

"Mkeo, mzee wangu. Kumbe hukujua gauni la binti yako nashona mimi?"

Bwana Mbwilo alilibeba boksi mwenyewe hadi kwenye bodaboda, kisha akanyoosha mkono. "Sasa nirudishie karatasi yangu, mwanangu."

"Utaipata Jumamosi," alisema Chausiku, "ukishanilipa ushonaji."