Neno la Ukurasa wa Mwisho

Enyi mliokusanyika, mlioketi vitini na mlioketi mikekani, mliokuja na fikra pevu na mliokuja na watoto mapajani: nawaomba masikio, na baada ya masikio nawaomba hukumu. Kisa hiki nilikipokea kikiwa wazi kama jeraha, nami sikuweza kukifunga.

Palikuwa na mji mdogo kando ya mto Morava. Ng'ambo hii walikaa Wacheki, ng'ambo ile Waslovakia, na lugha zao zilifanana kama ndugu wa tumbo moja: maneno tisa huwapatanisha, la kumi huwakosanisha. Kila vuli palifanyika tamasha la muziki ndani ya jumba la maonyesho ya picha. Wapigaji hawakuzidi wanne, vipaza sauti havikuwapo, na wasikilizaji waliketi karibu hata wakamsikia mpigaji akivuta pumzi.

Watu watatu wa mji huo walikuwa na vipaji. Mzee Kvido, fundi wa fidla, aligonga ubao kwa kidole akajua ulipoumia. Vavrinec, Mslovakia mtundika picha, alikuwa na jicho lililoona tofauti ya unywele baina ya fremu mbili. Naye Radana, binti wa Kicheki, alikuwa na mkono wa kupiga viola, yule kaka wa fidla mwenye sauti nzito. Ila viola yenyewe hakuwa nayo. Aliyoipiga aliiazima kutoka shule ya muziki, na tamasha likiisha ilikuwa lazima airudishe. Baada ya hapo angebaki na mkono mtupu, na Radana alilijua hilo kila alipofungua mkoba.

Katika mji huo aliishi mjane wa Kislovakia aitwaye Alžbeta. Mumewe Melicher, kakake Vavrinec, alikuwa mtunzi na mpigaji wa viola. Alipojua kwamba ugonjwa wake hauponi, alimtungia mkewe muziki wa kumuaga, akampigia mara moja tu. Siku ya maziko Alžbeta hakulia. Alirudi nyumbani, akaishika viola ya marehemu, akaibwaga sakafuni. Miaka miwili ikapita bila chozi, na kifua chake kikadhoofika kana kwamba machozi yote yalikuwa yamejaa humo.

Kvido alivikusanya vipande vya viola katika kapu la viazi. Aliviunga kwa gundi ya ngozi, kimoja kwa siku, kwa muda wa miezi kumi na mmoja. Kimoja kilikuwa kimesagika kabisa. Kvido akatafuta ubao wa umri ule ule, akaukata kwenye kitanda alichofia mkewe. Viola ikapona.

Lakini muziki wa Melicher ulikosa ukurasa wa mwisho. Ukurasa huo ulipotea Melicher akiwa hai, akamshuku ndugu yake, Vavrinec akaapa kwamba hakuuona, na Melicher akafa hawajasemezana. Sasa Vavrinec, akitayarisha maonyesho, alihisi fremu moja ni nene kuliko nyingine. Akaifungua mgongo. Ukurasa ulikuwa humo, umewekwa kuegemeza picha, naye ndiye aliyeuweka kwa mikono yake mwenyewe, akiudhani karatasi ya kutupwa. Aliubeba mpaka kwa Radana, aliyechaguliwa kuupiga muziki huo tamashani.

"Nimeupata," alisema. "Usiniulize wapi."

Juu ya ukurasa huo Melicher aliandika neno moja la kumwongoza mpigaji: *horko*. Radana alilisoma kwa Kicheki chake, na kwa Kicheki maana yake ni joto. Basi alipokwenda kumpigia Alžbeta chumbani mwake, aliupiga ukurasa ule kwa moto, upinde ukiruka, kama mtu anayekataa kufa.

Alžbeta alisikiliza hadi mwisho. "Unapiga vizuri, mwanangu. Lakini huyo si mume wangu."

Siku tatu Radana aliurudia, na kila siku aliongeza moto. Siku ya tatu alimkuta mjane akinywa dawa ya majani. Alžbeta alionja, akakunja uso. "*Horký*," akasema.

Radana alikichukua kikombe haraka, akakipuliza.

Alžbeta akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Unapuliza nini, binti? Kimepoa tangu asubuhi! Nimesema kichungu. Uchungu nao hupulizwa?"

Radana aliganda na kikombe mkononi. Neno ni lile lile: joto kwa Wacheki. Uchungu kwa Waslovakia. Na Melicher alikuwa Mslovakia.

Alasiri ya tamasha, kati ya picha zilizotundikwa, Radana alipiga viola ya marehemu pamoja na fidla mbili. Alipofika ukurasa wa mwisho, aliuburuta upinde polepole, kama mtu anayeaga na hataki kuufunga mlango. Katika kiti cha mbele Alžbeta alilia. Alilia hata shali yake ikalowa, wala hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

"Viola hii," alisema walipomsaidia kuinuka, "apewe aliyenirudishia Melicher wangu." Wakadhani watamuuliza ni nani akipumzika. Siku ya pili yake akafariki, uso umetulia.

Baada ya maziko watatu hao waliketi mezani kwa marehemu, viola katikati, na Vavrinec alikuwa amekwisha kuungama alikoupata ukurasa.

"Bila gundi yangu ungepiga nini, binti?" Kvido aliuliza. "Kuni?"

"Na bila ukurasa wangu mngeishia wapi?" akadakia Vavrinec. "Hewani?"

"Wewe nyamaza!" Kvido akafoka. "Umepata ulichokificha mwenyewe."

"Na wewe mzee umetia kitanda chako ndani ya sauti ya ndugu yangu!"

Kvido alipapasa ubao ule mpya. "Kweli," alisema taratibu. "Nikiisikia, nasikia wawili, Melicher na mke wangu. Ndiyo maana siwezi kuiacha."

Vavrinec akainamisha kichwa. "Nami, ndugu yangu alikufa hatusemezani. Sina neno lake jingine duniani ila sauti hii."

Wote wawili wakamtazama Radana. Mkono wake aliuficha chini ya meza. Viola ya shule alikwisha kuirudisha asubuhi ile. Alitamani kusema kwamba ubao uliponywa na ukurasa ukapatikana, na bado mjane hakulia mpaka yeye alipolijua neno. Lakini neno lenyewe alilipata wapi, kama si kinywani mwa marehemu?

"Mimi nilipuliza kikombe tu," alisema.

Wakaifungia viola kabatini, na hapakuwa na aliyetaka kuushika ufunguo.

Sasa basi, wasikilizaji wangu: mmoja alirudisha mwili wa sauti, mmoja alirudisha mwisho wake, mmoja alirudisha maana yake. Viola ni moja, na viola isiyopigwa hufa mara ya pili. Je, wewe ungeamua vipi?

Msiniulize mimi. Aliyenisimulia mara ya kwanza, aliyesoma katika nchi hizo ujanani mwake, nilimuuliza miaka yote, naye kila mara alikiinua kikombe chake kilichokwisha kupoa, akakipuliza. Alikuwa ami yangu, marehemu Shekuwe Athmani.