Jino la Mama Mkwe

Kitamu hungojwa, anayekirukia hukiona tu kikimponyoka. Hilo Radi hakulijua. Daktari huyu wa meno alibandikwa jina hilo kwa sababu aling'oa jino kabla mgonjwa hajamaliza kusema "mama," na sifa zilikuwa zimemlevya.

Siku moja, aliyeketi kwenye kiti chake alikuwa mama mkwe wake. Kumpanulia mkwe kinywa ni aibu tosha; mama alifumba macho wasije wakatazamana. Jino lake moja lilikuwa na usaha kwenye ncha ya mzizi, nalo ndilo lililoshikilia meno yake ya bandia. Likipotea, hangetafuna wala kucheka tena mbele za watu.

"Sitalitupa, mama," Radi alisema kwa heshima. "Nitalitoa taratibu, nikate ncha iliyooza, nizibe, kisha nilirudishe palepale lishike. Mzizi hautaki kubanwa. Ni kama kutoa yai chini ya kuku anayeatamia."

"Haya, baba. Nimekuja kwako, sikwenda kwa mwingine."

Akaanza vizuri. Koleo lilishika kichwa cha jino tu. Mkono ukatikisa huku, ukatikisa kule, kidogo kidogo. Jasho likamtiririka. Nje, kwenye benchi, wagonjwa wakachoka kungoja.

"Leo Radi kaishiwa umeme!" mmoja alisema.

"Basi jina lake sasa ni Konokono!" mwingine akadakia. Wote wakaangua kicheko.

Maneno yale yalimwingia kama pilipili kwenye kidonda. Jino lilikuwa limeshalegea, limebaki kidogo tu. Radi akakaza koleo, akavuta kwa nguvu.

Ka! Likatoka nusu. Mzizi ulikuwa umepasuka.

"Umeshalirudisha, baba?" mama aliuliza, macho bado kayafumba.

Radi akaliweka koleo chini. "Halirudi tena, mama. Nimelivunja. Nilifanya pupa."

Radi alipomaliza kutoa kipande kilichobaki, mama alijiziba mdomo kwa kitambaa, akatoka.

"Vipi, bibi, kakuumiza?" wakamuuliza pale kwenye benchi.

"Wala. Mkono wake mwepesi kweli," alijibu ndani ya kitambaa, akimsitiri mkwewe.

Wakapiga makofi. Radi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitamani ardhi ipasuke immeze. Sifa alizozikimbilia alikuwa amezipata, nazo zilikuwa chungu kuliko shubiri. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.