Mtu wa Nne Barazani

Hadithi hii nimeletewa na mtu aliyeletewa na mwingine, na wa kwanza kuisimulia simjui. Niliisoma nikiwa nimechoka, nikaona niwapelekee na wengine waliochoka. Si ndefu. Isome ukiwa umekaa.

Palikuwa na mstaafu mmoja mjini Tanga, jina lake Mzee Mhina. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikwenda kwenye baraza ya Fundi Sefu, mshona kanzu, kucheza dhumna, yaani domino. Wenzake wengine walikuwa Mzee Zuberi na Mzee Kilua. Dhumna ya pale huchezwa na wanne, wawili wawili, kila mtu anamkabili mwenzake. Watatu hawachezi. Watatu hukaa tu wakitazama barabara na kuulizana yule wa nne amepatwa na nini.

Baraza ile ilikuwa na desturi yake. Mtu hakosi hivi hivi. Akikosa awe na udhuru, na udhuru unaokubalika ni maradhi, msiba au safari. Asipoonekana bila kuaga, wenzake hufunga mchezo wakaenda kwake kumjulia hali. Ni desturi nzuri sana kwa mtu anayeumwa kweli.

Sasa, Mzee Mhina alikuwa ameichoka dhumna. Alikuwa ameichoka siku nyingi. Magoti yalimkaza kwenye benchi la baraza, kishindo cha kete kilimgonga kichwani, na utani wa pale ulikuwa ule ule wa mwaka juzi. Kila alipotoka nyumbani alikunja uso njia nzima. Lakini alijiambia, nikikosa mimi wale watatu watafanya nini? Basi akaenda.

Nyumbani alimwacha mkewe, Bi Mwanahawa. Tangu binti yao wa pekee, Mwantumu, aolewe Muheza, nyumba ilikuwa kimya. Asubuhi Bi Mwanahawa alikuwa na shughuli zake: kufagia ua, kuchota maji bomba linapotoka, kufua, kupika. Alasiri shughuli zilikwisha. Hapo ndipo alipotandika mkeka wake uani, na hapo ndipo mumewe alipovaa kofia.

"Leo huwezi kubaki kidogo?" alikuwa akimuuliza.

"Wananisubiri, Mama Mwantumu."

"Mlango wa jikoni haufungi. Kuku wanaingia."

"Nitautazama nikirudi."

Alirudi magharibi, amechoka, akala, akalala. Mlango wa jikoni ukaendelea kuegeshwa kwa tofali.

Ikafika siku Bi Mwanahawa akaacha kuuliza. Hakununa wala hakugomba. Alianza tu kumnyooshea kanzu mapema, akaitundika mahali pa kuonekana, na adhana ikikaribia alimkumbusha muda. Mzee Mhina akashukuru moyoni kwamba mkewe hatimaye ameelewa. Wanaume wengi tumewahi kushukuru namna hiyo, na wengi tumejuta baadaye.

Jumatano moja, akiwa anachambua mchele, Bi Mwanahawa alisema bila kuinua macho:

"Mwantumu amenitaka nikakae kwake."

"Kutembea?"

"Kukaa."

Mzee Mhina alitaka kusema hapana. Lakini akawaza: huyu mama amechoka na ukimya wa nyumba hii, kule kuna wajukuu, mimi ni nani nimzuie? Akajikaza, akasema kwa upole wote aliokuwa nao:

"Kama unaona itakufaa, nenda."

Mkono wa Bi Mwanahawa ukasimama kwenye ungo.

"Haya," akasema. "Nitakwenda Jumamosi."

"Haya."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote, watu walioanza maisha pamoja wakiwa na godoro moja na sufuria mbili. Alasiri Mzee Mhina alikwenda barazani kama kawaida na akafungwa kila mchezo. Alhamisi pia. Kete zilikuwa mkononi lakini hakuziona. Alichokiona ni begi la mkewe, lile la kijani, ambalo sasa lilikuwa limewekwa juu ya kiti chumbani, nusu limejaa.

Ijumaa akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Adhana ya alasiri ilipokwisha na swala ikaswaliwa, alirudi nyumbani. Hakutoka tena.

Bi Mwanahawa alikuwa ameketi kwenye mkeka. Alimtazama.

"Umesahau kitu?"

"Hapana. Leo nipo."

Bi Mwanahawa alisogea akamwachia nafasi. Mzee Mhina akaketi. Hakujua aiweke wapi mikono yake. Akatazama mlango wa jikoni, akataka kuinuka akautengeneze, mkewe akamshika kanzu.

"Si lazima ufanye kazi. Kaa tu."

Akakaa. Upepo mdogo ulikuwa ukipita uani na kuku walikuwa wakiparura chini ya mpapai. Alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lilikuwa limefika kooni.

"Mama Mwantumu," alianza.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Walikuwa watatu wote. Mzee Zuberi amebeba machungwa, Fundi Sefu ameshika chupa ya dawa ya kuchua, na Mzee Kilua yuko nyuma yao amevaa uso wa msibani.

"Hatukukuona," alisema Mzee Zuberi. "Tukasema hapa hapana salama."

Ndugu yangu unayesoma, hapa palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Angeweza kusema, nimebaki na mke wangu, anasafiri kesho. Lakini mtu mzima kusema mbele ya wanaume wenzake kwamba amebaki nyumbani kwa ajili ya kuketi na mkewe, aliona haya. Basi akashika kiuno.

"Mgongo kidogo," akasema.

Wakampa pole kwa sauti moja. Fundi Sefu akafungua chupa yake na kumtaka alale kifudifudi, na Mzee Mhina, kwa kuwa ameshasema, akalala. Bi Mwanahawa aliinuka kwenye mkeka wake, akaenda kuwasha jiko awapikie wageni kahawa. Kule jikoni alisikika akiliondoa tofali na kulirudisha.

"Usihuzunike," Mzee Kilua alimwambia mgonjwa. "Tumekuletea na dhumna. Ugonjwa usikunyime. Tutacheza hapa hapa."

Bi Mwanahawa aliporudi na sinia la kahawa, alikuta mkeka wake umejaa. Wanaume wanne wameuzunguka, mumewe kalala kifudifudi anachuliwa, kete zimemwagwa katikati, na pale alipokuwa ameketi yeye pameketi Mzee Kilua. Alisimama na sinia lake. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alionekana tu kama mtu ambaye hata nguvu za kukasirika zimemwishia.

"Shemeji zangu," alisema. "Niwaulize kitu, nanyi mnijibu, maana kesho sipo. Huu mchezo una utamu gani?"

Wakatazama kete.

"Sigombi. Nataka kujua tu. Nimeuona ukimchukua huyu kila siku ya Mungu. Nataka niondoke nikijua una utamu gani. Shemeji Zuberi, anza wewe."

Mzee Zuberi aligeuzageuza kete mkononi.

"Kusema kweli, shemeji, mimi mgongo wangu ndio unaouma hasa. Lile benchi linaniua. Mimi huenda kwa ajili ya Kilua. Tangu afiwe na mkewe, nikasema tusimwache peke yake."

Mzee Kilua alimtazama kwa mshangao.

"Kwa ajili yangu mimi?" alisema. "Mimi tangu nifiwe usiku silali. Usingizi hunijia alasiri, na alasiri ndiyo mnanitaka barazani. Naenda nasinzia na kete mkononi. Mimi huenda kwa ajili ya Fundi, baraza yake isikae tupu, wateja wakadhani amefunga."

"Wateja?" alisema Fundi Sefu, na mkono wake uliojaa dawa ukabaki juu ya mgongo wa mgonjwa. "Wateja wananikimbia kwa kelele zenu. Kila alasiri nasimamisha cherehani. Kanzu za watu zinalala. Nimevumilia kwa ajili ya Mhina."

"Kwa ajili yangu?" Mzee Mhina aliuliza, angali amelala kifudifudi.

"Ndiyo. Kila siku unakuja umekunja uso. Tukajua nyumbani hapakaliki. Nikasema, asipopata pa kukimbilia huyu, atagombana na shemeji mpaka lini?"

Bi Mwanahawa aliweka sinia chini, taratibu.

"Nyumbani kwangu hapakaliki?" aliuliza.

Fundi Sefu akatazama chupa yake ya dawa. Mzee Mhina akainuka, akaketi, akavuta kanzu yake.

"Mimi nilikuwa nakuja msikose mtu wa nne," alisema.

Wakatazamana wote wanne. Mzee Zuberi akaanza kucheka, kicheko kisicho na nguvu, kisha akaacha. Hapakuwa na cha kuchekesha. Wote walikuwa watu wazima, na alasiri zile hawakuwa nazo nyingi za kumwaga.

Wakanywa kahawa. Mzee Kilua akaokota kete moja moja, akazirudisha kwenye kopo. Wakaaga. Mlangoni Mzee Zuberi, kwa mazoea, akasema:

"Haya, kesho tena?"

"Kesho nalala," alisema Mzee Kilua.

Walipoondoka, Mzee Mhina alibaki amesimama uani ananuka dawa ya kuchua. Yale maneno ya wenzake yalikuwa yakimzunguka. Watu wanne wameoneana huruma mpaka wamechoshana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza mwenzake. Akageuka akamtazama mkewe, aliyekuwa anakusanya vikombe, na hofu ikamwingia. Akajiuliza kama na hapa nyumbani hawajafanya yale yale.

"Mama Mwantumu, unataka kwenda Muheza?"

"Mwanao amenialika."

"Simuulizi mwanangu. Nakuuliza wewe."

Bi Mwanahawa aliendelea kukusanya vikombe mpaka vikaisha. Ndipo akajibu.

"Nilitaka nikuondolee uzito. Nilidhani mchezo ule ndio raha yako iliyobaki. Nikikwambia ubaki, unatoka umekunja uso. Nikaona ninyamaze. Nikawa nakunyooshea kanzu ili usichelewe. Halafu nikaona, hata huku kunyamaza kwangu kunakulemea. Afadhali niondoke, ucheze kwa nafasi."

Mzee Mhina aliona aibu, na chini ya aibu akaona uchungu mkubwa. Kanzu zile zote. Alikuwa akizivaa akidhani mwenzake ameelewa, na mwenzake akizinyoosha akidhani anamfurahisha.

"Jumatano nilikwambia uende," alisema. "Sikutaka uende. Sitaki. Baki, Mwanahawa."

Jina hilo tupu hakuwa amelitamka tangu Mwantumu azaliwe. Bi Mwanahawa aliketi kwenye mkeka, mzimamzima, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Ungesema Jumatano," alisema, "ningelala usingizi siku hizi mbili."

"Sasa nimesema."

"Nimesikia. Usinisemeshe kidogo. Nimechoka."

Mzee Mhina akaketi kando yake, na hakumsemesha.

Jumamosi asubuhi Mwantumu alipiga simu kuuliza mama atapanda basi la saa ngapi ili aende kumpokea. Baba yake ndiye aliyeishika simu.

"Mama yako haji," alisema. "Nimemwomba abaki na mimi. Usikasirike, mwanangu. Najua umejiandaa."

Akasikia binti yake akivuta pumzi ndefu.

"Baba, sikasiriki," alisema Mwantumu. "Sina hata chumba. Tungelala sote sebuleni na watoto. Nilimwalika kwa sababu nilidhani amechoka kuishi na wewe."

Funzo: Ukijichosha kwa ajili ya mtu bila kumuuliza anataka nini, huenda naye anajichosha kwa ajili yako, basi muulize, na wewe ukiulizwa, sema kweli mapema.